Namna Mikondo Inavyowahamisha Kombe Kwenye Sakafu ya Bahari

Kinamama wanaochokoa kombe katika pwani za Unguja wana maelezo mafupi pale fungu lililokuwa na kombe tele linapokutwa tupu: maji yamewachukua. Watu wa uhifadhi nao wana maelezo yao, kwamba kombe wamevunwa kupita kiasi, na mara nyingi kauli hizi mbili hukabilishwa kana kwamba moja ikiwa kweli, nyingine haina budi kuwa uongo. Mimi naona kauli ya kinamama imedharauliwa bila sababu. Maji huwahamisha kombe kweli, na huwahamisha kwa njia zaidi ya moja, tangu wakiwa hawaonekani kwa macho hadi linapobaki gamba tupu. Lakini kuna jambo la pili ambalo halisemwi na upande wowote: katika sehemu kubwa ya safari hizo kombe si mzigo tu. Mchukuzi ni maji, ila anayechagua saa ya kupanda na saa ya kushuka, mara nyingi, ni mnyama mwenyewe.

Tuanze na maji. Katika pwani yetu bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kati ya kujaa na kujaa hupita takriban saa 12 na dakika 25. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kimo kati ya maji yaliyojaa na maji yaliyokupwa hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu, yaani siku za nusu mwezi, tofauti hiyo hushuka hadi mita 1 hivi. Muda wa kuingia na kutoka haubadiliki sana, ni saa sita na dakika chache tu, na milango ya kupitia ni ileile, kwa hiyo maji ya bamvua hayana budi kwenda mbio zaidi. Yeyote aliyewahi kusimama katika mlango wa ghuba kama ya Chwaka bamvua inapotoka anajua jinsi miguu inavyovutwa. Jambo ambalo halihisiwi kwa urahisi ni kwamba nguvu ya msukumo haiongezeki sawasawa na kasi: kasi ya mkondo ikizidi mara mbili, nguvu yake juu ya kitu kilicholala njiani huzidi mara nne. Ndiyo maana siku tatu au nne za bamvua zinaweza kupangua kilichotulia wiki nzima ya maji mafu.

Hata hivyo, kasi tunayoihisi kiunoni siyo anayoihisi kombe. Maji yakipita juu ya sakafu husuguana nayo na kupunguzwa mwendo, kiasi kwamba karibu kabisa na mchanga huwa yanasogea taratibu mno. Kombe aliyejizika amekaa chini hata ya tabaka hilo, na kwake mkondo wa juu ni kama haupo. Kumsukuma akiwa hapo ni jambo lisilowezekana. Kinachowezekana ni kuuondoa mchanga uliomzunguka. Mwaka 1936, mjini Berlin, Albert Shields aliwasilisha tasnifu iliyoonyesha kwamba chembe ya mchanga huanza kusogea pale msuguano wa maji juu ya sakafu unapozidi kiwango fulani kinachotegemea ukubwa na uzito wa chembe hiyo, na wahandisi wa mito na bandari wanaitumia kanuni hiyo hadi leo. Kwa mchanga laini, mkondo wa sentimita 20 hadi 30 kwa sekunde unatosha kuanza kuuviringisha. Tope ni kinyume cha matarajio: chembe zake ni ndogo zaidi, lakini kwa kuwa zinashikana, huhitaji nguvu kubwa kuliko mchanga laini ili ziondoke. Kwa hiyo kombe wa mchangani hafukuzwi na mkondo, hufukuliwa.

Mwenendo wenyewe unaonekana vizuri ukiinama katika dimbwi lenye kina cha kifundo cha mguu, maji yanapotoka. Chukua mfano wa kombe wa kawaida kabisa kwetu, yule mwenye gamba nene lenye matuta na ngozi ya kahawia iliyoota manyoya, ambaye kwa jina la kitaalamu ni Anadara antiquata. Huyu hana mirija mirefu ya kuvutia maji kama walivyo nayo jamaa zake wanaojizika mbali chini, kwa hiyo hulazimika kukaa juujuu, ukingo wa gamba ukiwa sawa na uso wa mchanga au umechomoza kidogo. Maji yanayokutana na ukingo huo hushindwa kupita moja kwa moja. Huzama mbele yake, huzunguka ubavuni na kuchimba. Kwanza hutokea kishimo kidogo upande mkondo unakotoka, na nyuma ya gamba hujilimbikiza mkia mwembamba wa mchanga. Kishimo kikiongezeka, kombe hukosa egemeo upande mmoja na kuinama kukielekea. Akifika nusu ya gamba nje, mkondo sasa una ubao wa kuusukuma, na hatua inayofuata ni kupinduka na kubiringika, tena kwa mbali kuliko mtu anavyotarajia, maana gamba la duara halikai mahali pamoja mpaka likutane na nyasi, jiwe au shimo.

Akiwa hai, hakubali. Hufungua gamba kidogo, hutoa mguu wake, huuingiza mchangani, huuvimbisha nchani uwe nanga, kisha hujivuta. Wale wanaomfungua kombe huyu jikoni wanaujua mguu huo, na wanajua pia damu yake nyekundu, kwa kuwa yeye ni miongoni mwa kombe wachache wenye rangi ileile inayobeba hewa katika damu yetu. Kujizika upya huchukua muda, na kombe mkubwa huhitaji muda mrefu kuliko mdogo. Hapo ndipo matokeo yote yanapoamuliwa: akipata utulivu wa kutosha kati ya wimbi na wimbi, au kati ya maji kutoka na maji kuingia, atabaki umbali mfupi kutoka alipokuwa, asipopata, atasogezwa tena.

Lakini umbali wa kombe mzima ni mdogo. Safari kubwa hufanyika kabla hajawa na gamba la kuonekana. Kombe na chaza wengi humwaga mayai na mbegu za kiume majini, na yai lililorutubishwa huwa, ndani ya siku moja au mbili, kiluwiluwi mwenye gamba jembamba na kiungo chenye vinywele vinavyopiga maji bila kupumzika. Ukubwa wake ni sehemu ya kumi hadi theluthi ya milimita. Anaogelea kwa milimita moja au chache kwa sekunde, na mkondo unaomchukua unaweza kwenda nusu mita kwa sekunde. Hivyo haina maana kusema anaogelea kwenda mahali. Anachoweza ni kupanda na kushuka, na hicho si kidogo, kwa sababu maji ya juu na maji ya chini hayaendi kwa kasi moja wala siku zote hayaendi upande mmoja.

Hebu tupige hesabu. Mkondo wa maji kujaa wenye kilele cha nusu mita kwa sekunde utamsogeza kiluwiluwi kiasi cha kilomita 7 katika saa sita, ukizingatia kwamba huanza polepole, hufika kileleni, kisha hulegea. Maji yakitoka yatamrudisha kilomita zilezile. Akikaa kina kimoja wakati wote, atakuwa anakwenda na kurudi tu, na kitakachomhamisha ni tofauti ndogo kati ya safari hizo mbili. Akipanda juu maji yakijaa na kuzama karibu na sakafu maji yakitoka, atajikuta anasogea ndani ya ghuba hatua kwa hatua bila kushindana na mkondo hata mara moja. Tabia ya namna hii imechunguzwa sana kwa viluwiluwi wa chaza katika midomo ya mito ya mashariki ya Marekani, na wataalamu wameijadili kwa muda mrefu, wengine wakiamini kwamba mnyama anachagua na wengine wakisema anazama na kuinuka pamoja na chembe nyingine zote. Mimi naegemea upande wa wale wanaosema kuna vyote viwili, kwa sababu mkondo mkali humkoroga kila mtu na mkondo dhaifu humwachia nafasi.

Nje ya ghuba hesabu hubadilika kabisa. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima mbele ya Tanzania. Wakati wa kusi huenda kwa nguvu, na wakati wa kaskazi hudhoofika na kukutana na mkondo wa Somalia unaoshuka kutoka kaskazini, mbele ya pwani ya kaskazini ya Kenya. Nusu mita kwa sekunde ni kilomita 43 kwa siku. Kiluwiluwi hukaa majini wiki mbili hadi nne kabla ya kutafuta pa kutua, na katika siku 20 maji hayo yangekuwa yamekwenda zaidi ya kilomita 800, umbali unaozidi ule wa Mtwara hadi Mombasa. Hiyo ni hesabu ya karatasi tu. Visiwa, miamba, vizungusho vya maji nyuma ya visiwa na ghuba zenyewe huwazuia wengi karibu na nyumbani, na maji ya ndani kabisa, kwenye vijito vya mikoko, hukawia kutoka. Lakini hesabu hiyo inatosha kuonyesha kwamba fungu la kombe halina uhakika wa kujizalia lenyewe. Vichanga wanaotua Pemba huenda wazazi wao wako kusini, na hakuna kombe mzima anayeweza kwenda huko kwa kubiringika, kwa kuwa mlango wa bahari kati ya Pemba na bara una kina cha mamia ya mita.

Watu wengi waliosoma jambo hili kijuujuu huishia hapo: kiluwiluwi husafiri, kisha hutua, kisha hukaa. Kutua, kumbe, si mwisho. Mwaka 1976 watafiti Sigurdsson, Titman na Davies walieleza kwamba vichanga vya kombe wa aina nyingi, ambao tayari wameshatua na wana gamba lenye milimita moja au mbili, wanaweza kuondoka tena kwa kutoa uzi mmoja mwembamba sana, mrefu kuliko gamba mara nyingi. Uzi huo hauna uzito wa kutajika, lakini maji huung'ang'ania katika urefu wake wote, na kwa kiumbe mdogo kiasi hicho mvuto wa maji juu ya uzi unatosha kumpunguzia sana kasi ya kuzama. Buibui wachanga hufanya vivyo hivyo hewani. Kombe huyo mdogo hutoka mchangani, huachia uzi, mkondo mdogo tu humwinua, naye huelea karibu na sakafu umbali wa mita nyingi au kilomita kadhaa kabla ya kushuka. Asipopapenda aliposhukia, hurudia.

Mfano uliochunguzwa vizuri zaidi uko katika Bahari ya Wadden, ile pwani tambarare ya Uholanzi, Ujerumani na Denmark. Huko kuna kombe mdogo, Macoma balthica, ambaye hutua kwa wingi majira ya kuchipua, na vichanga vyake hukulia sehemu za juu za tambarare zinazokauka maji yakitoka. Beukema na de Vlas walionyesha mwaka 1989 kwamba wakati wa baridi vichanga hivyo huondoka kwa nyuzi na kuchukuliwa na mikondo ya maji kupwa hadi sehemu za chini na hata nje, katika Bahari ya Kaskazini. Ukitazama fungu la juu majira ya joto na ukalitazama tena baada ya baridi, utaapa kwamba kombe wamekufa wote au wameliwa. Hawajafa, wamehama. Ninapenda mfano huu kwa sababu unamtetea mchokoaji: fungu linaweza kuwa tupu bila mtu yeyote kulivuna.

Wapo hata wakubwa wanaopanda maji kwa hiari. Katika fukwe zenye mawimbi za North Carolina, nchini Marekani, kombe mdogo mwenye umbo la kabari, Donax variabilis, huruka kutoka mchangani wimbi kubwa linapokaribia, huachia limpandishe ufukweni, kisha hujizika haraka kabla maji hayajarudi. Maji yakianza kupwa hufanya kinyume chake. Mtafiti Olaf Ellers alionyesha mwaka 1995 kwamba kombe hao huitikia mngurumo wa mawimbi, na kwamba huchagua yale makubwa. Hawapotezi nguvu kwa vijiwimbi. Jamaa zao wa jenasi ya Donax wako pia katika fukwe za mchanga za Afrika Mashariki, na mtoto yeyote aliyecheza ukingoni mwa maji amewaona wakipotea mchangani mmoja baada ya mwingine wimbi linapoondoka. Huko Afrika Kusini yupo konokono wa baharini, Bullia digitalis, ambaye huutandaza mguu wake mpana na kuutumia kama tanga ili wimbi limfikishe palipo na mzoga wa kula. Hao si abiria wa bahati mbaya.

Baada ya kufa, uamuzi unakwisha na fizikia inabaki peke yake. Gamba la upande mmoja likidondoka majini linaweza kulala chali, likiwa kama bakuli, au kifudifudi, mgongo juu. Lililolala chali hushikwa na mkondo kwenye ukingo na kupinduliwa kwa urahisi. Lililolala kifudifudi maji hupita juu ya mgongo wake bila kupata pa kushika. Ndiyo sababu katika mchanga uliopitiwa na mkondo mkali utakuta magamba mengi yamelala kifudifudi, na katika vidimbwi vilivyotulia utakuta mchanganyiko. Magamba marefu ya konokono, yale yenye ncha, hubiringika mpaka yalale sambamba na mawimbi. Jambo la ajabu zaidi ni la kushoto na kulia. Pande mbili za kombe zinafanana kama kitu na taswira yake kiooni, na mkondo unaozipiga kwa mshazari huupeleka mmoja huku na mwingine kule, kiasi kwamba ufukwe mmoja unaweza kukusanya zaidi magamba ya upande wa kushoto. Jan Lever wa Uholanzi aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1958 baada ya kuhesabu magamba ufukweni, kazi ambayo kwa mtazamaji huenda ilionekana ya mtu asiye na shughuli. Hata tundu la duara linalotobolewa na konokono wawindaji wa familia ya Naticidae hubadilisha namna maji yanavyolibeba gamba.

Kuna tahadhari moja katika kusoma magamba hayo: si kila linalosogea limesogezwa na maji. Kaa wanaojihifadhi ndani ya makome matupu huyabeba popote wanapotaka, hata kinyume cha mkondo, na nimeona makome ya kina kirefu juu kabisa ya ufukwe, penye miti, mahali ambapo hakuna wimbi linalofika.

Sasa turudi kwenye fungu tupu. Kitu kinachomshikilia kombe wa Anadara mahali pake, mbali na uzito wake na nyuzi chache anazojifungia kwenye kokoto na mizizi hasa akiwa mdogo, ni nyasi za bahari. Majani yake huinama mkondo ukija na kuufanya upite juu, na chini ya majani maji huwa yametulia. Mizizi nayo huushika mchanga. Viluwiluwi na vichanga vya uzi hushuka hapo kwa sababu hapo ndipo kasi inapopungua. Juya la kukokota likipita, au eneo likisafishwa nyasi, mambo mawili hutokea pamoja: mchanga huanza kutembea kila bamvua na kuwafukua waliomo, na wageni wanaoletwa na maji hawapati tena sababu ya kushuka. Mvunaji atasema maji yamewachukua, naye atakuwa sahihi, ila maji yamekuwa yakipita hapo siku zote na hayakuwachukua. Nadhani mabishano ya nani mkosaji, maji au mkono, yanakosa shabaha kwa sababu hii.

Ndiyo maana pia sioni kwamba kufunga eneo moja dogo kunatosha peke yake, ingawa naunga mkono maeneo yaliyofungwa na vijiji katika Ghuba ya Menai, ambayo imekuwa eneo la hifadhi tangu mwaka 1997. Eneo lililofungwa hulinda wazazi. Vichanga vyao vinaweza kutua kwa jirani asiyefunga, na vichanga vinavyotua ndani vinaweza kutoka kwa jirani huyohuyo. Wanaofuga chaza wa lulu upande wa Fumba, Bweleo na Nyamanzi wanalijua hili kivitendo, maana kamba za kunasia vichanga hazinasi sawa kila mahali wala kila msimu, na anayezitundika hulazimika kufikiri maji yanatoka wapi kabla ya kufikiri kamba ziko wapi.

Na kama kijiji kinataka kurudisha kombe kwenye fungu kwa kuwahamisha kutoka kwingine, ningeshauri mambo mawili yasiyo na gharama. Wawekwe penye nyasi au ukingoni mwake, si kwenye mchanga mweupe ulio wazi hata kama ndipo kinamama walipozoea kuwachokoa. Na wawekwe mwanzoni mwa maji mafu, wakubwa kabla ya wadogo, mchanga ukiwa umetulia, ili wawe na siku kadhaa za kujizika barabara kabla bamvua haijarudi.